Kabla ya Kununua Nepi: Kumsaidia Mwenye Sindromu ya Down Anayeshindwa Kuzuia Mkojo

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na watumiaji wa bidhaa, lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: ni nepi ipi ya mtu mzima iliyo bora? Aghalabu muulizaji ni mama, dada au shangazi anayemlea mtu mwenye sindromu ya Down, naye amekwisha kutumia fedha nyingi kwa bidhaa zisizofaa. Swali hilo tutalijibu. Hata hivyo tunaanza na jambo jingine, kwa kuwa nepi huzuia nguo zisilowe tu; haiondoi sababu ya mkojo kutoka.

Sindromu ya Down hutokana na nakala ya ziada ya kromosomu ya 21. Mtu huzaliwa nayo, haiambukizi, na hakuna dawa ya kuiondoa. Misuli ya wenye hali hii huwa milegevu, na watoto wengi huchelewa kujifunza kutumia choo. Kuchelewa si kushindwa: wengi hujifunza, wakafika utu uzima wakijitegemea chooni. Kwa hiyo si sahihi mzazi kuambiwa kwamba mwanawe "ndivyo alivyo", asitarajie mabadiliko.

Sababu inayosahaulika zaidi ni kufunga choo, tatizo la kawaida kwa watu hawa. Utumbo uliojaa kinyesi kigumu hukibana kibofu, nacho hushindwa kujaa vizuri au kutoa mkojo wote. Wengine hujizuia kutwa nzima, mpaka mkojo ukawashinda. Yapo pia maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, na upungufu wa homoni za tezi ya shingo, ambao huonekana zaidi kwa wenye sindromu ya Down kuliko kwa watu wengine. Anayekoroma sana na kukatikiwa pumzi usingizini anaweza kukojoa kitandani kwa sababu hiyo hiyo, na akitibiwa pumzi, kitanda nacho huweza kukauka. Kwa aliyevuka miaka 40, kuanza kujikojolea kukiandamana na usahaulifu huenda ikawa dalili ya maradhi ya akili ya uzeeni, ambayo huwafikia mapema.

Jambo moja tunaliombea uangalifu wa pekee. Baadhi ya wenye sindromu ya Down wana kiungo kilicholegea kati ya pingili mbili za juu kabisa za shingo. Pingili hizo zikisogea, huweza kubana mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo. Tuchukue mfano wa binti wa miaka 19 ambaye amekuwa mkavu tangu utotoni. Ghafla anaanza kujikojolea. Anajikwaa, mikono inakosa nguvu, kichwa anakiinamisha upande mmoja. Huenda asiseme kwamba shingo inamuuma, kwani wengi wao hawaelezi maumivu kwa urahisi. Binti huyo asinunuliwe nepi akaachwa nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mtu yeyote asimkande wala kumvuta shingo.

Pasipokuwa na dharura ya namna hiyo, andika kwa siku 3 saa anazokunywa, anazokojoa na anazolowa, pamoja na siku alizopata choo. Karatasi hiyo ipeleke kwa daktari. Humwambia mengi kuliko maelezo ya kukumbukia mlangoni. Wakati huo, mpeleke chooni kila baada ya saa 2 au 3, na baada ya kila mlo, bila kumharakisha. Akimaliza, angoje kidogo kisha ajaribu tena. Usimnyime maji, kwa maana mkojo mzito hukiwasha kibofu na choo huzidi kuwa kigumu; punguza chai, kahawa na soda za jioni.

Kitazame pia choo chenyewe. Choo cha shimo chenye giza humtisha, na kuchuchumaa ni kazi ngumu kwa mwenye misuli milegevu. Taa, kishikio cha ukutani na kiti chenye tundu, pamoja na kibao cha kukanyagia ikiwa miguu haifiki chini, vinaweza kubadili mambo. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza kiti hicho, na hizo huenda zikawa fedha bora kuliko zote utakazotumia. Akilowa mbele ya wageni, "Dada, njoo unisaidie huku ndani" yatosha. Hana haja ya kukaripiwa.

Sasa tuingie dukani. Pima kiuno na nyonga kwa utepe wa fundi cherehani, chukua kipimo kikubwa, ukilinganishe na kilichoandikwa kwenye pakiti. Nepi kubwa kupita kiasi haihifadhi zaidi, huvujia mapajani. Linganisha bei ya nepi moja, si ya pakiti. Tuseme pakiti ya nepi 10 ni shilingi 15,000 na ya nepi 14 ni shilingi 18,200: ya kwanza ni shilingi 1,500 kwa nepi, ya pili 1,300. Nunua pakiti moja kwanza, uijaribu. Epuka zinazouzwa kwa mafungu nje ya pakiti, kwa kuwa hutajua zimetoka wapi wala zilihifadhiwaje. Kwa anayelowa kidogo, pedi ndani ya chupi hutosha, naye hubaki na heshima ya kuvaa chupi yake. Vitambaa havina ubaya vikifuliwa vema na kuanikwa juani, na mpira chini ya shuka hulinda godoro.

Dawa za "kukata mkojo" zinazotangazwa mitaani usizinunue. Hata dawa halali za kutuliza kibofu, baadhi yake hufunga choo na kuchanganya akili, hivyo zitolewe kwa cheti cha daktari aliyempima.

Ngozi ikitoka vipele au kuchubuka baada ya kutumia nepi fulani, acha kuitumia, mwonyeshe mhudumu wa afya, na uhifadhi risiti pamoja na pakiti yenye namba ya toleo. Vilete vyote katika ofisi yetu iliyo karibu nawe. Bila namba hiyo ni vigumu kwetu kumfikia mtengenezaji.