Fimbo ya Mkole, Fimbo ya Bomba

Ukitaka kujua nani ni nani mnadani, usitazame kofia wala viatu. Tazama mkono wa kulia. Dalali ana daftari. Mchuuzi wa kuku, wale wa kienyeji waliolifikisha jina la Singida hadi Dar es Salaam, ana kamba. Mwenye ng'ombe ana fimbo. Hata akija na pikipiki, na siku hizi wengi huja na pikipiki, fimbo huwa imelazwa mapajani au imefungwa ubavuni kwa kipande cha mpira wa tairi. Akishuka huitwaa kwanza, ndipo atoe salamu.

Fimbo hizo zimebadilika. Nilipokuwa mtoto zote zilikuwa miti. Sasa, hasa kwa vijana, utaona bomba la maji: jeusi lenye mstari wa buluu, au la kijivu lile la mafundi, limekatwa kwa msumeno usawa wa bega, ncha moja imechomwa motoni ikabanwa, na pale pa kushikia pamezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli. Wazee hulitazama kama wanavyomtazama mkwe aliyekuja kuposa mikono mitupu. Hawasemi kitu, lakini hawalisahau.

Singida ni nchi ya wafugaji wanaolima na wakulima wanaofuga. Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi, Wanyiramba wa upande wa Kiomboi, Wagogo wa Manyoni, Wabarbaig na Wataturu, Wasukuma walioingia na makundi yao: kwa wote hao fimbo si silaha tu wala si mkongojo tu. Mchungaji huilaza mabegani nyuma ya shingo, akatundika mikono yake juu yake, akasimama hivyo kutwa nzima huku mguu mmoja ukipumzika. Ni kiti chake. Ni kipimo chake cha kina cha maji. Ni mkono wake mrefu wa kumrudisha ndama kutoka kwenye mtama wa watu. Nyumbani kwetu fimbo haikuingia sebuleni. Iliegemezwa nje ya mlango, na mgeni aliyeingia nayo ndani alijulikana kuwa ama ana haraka ama ana ugomvi. Kuiruka fimbo ya mtu iliyolala chini kulitosha kukufanya uitwe ukaelezwe adabu.

Aliyenifundisha kuikata ni mjomba wangu. Aliupenda mkole. Mti huu si mkubwa, ni kichaka tu cha nchi kavu, na matunda yake madogo ni chakula cha Wahadzabe kule Mkalama na cha watoto wa kila mahali unapoota. Wazaramo wa pwani wameupa heshima nyingine kabisa, maana chini yake ndipo mwali alipofundwa. Kwa mjomba heshima ya mkole ilikuwa katika nyuzi zake: unapinda, hauvunjiki. Mgunga aliuona mkavu wa tabia. Mpingo aliusifu kama watu wanavyomsifu tajiri wa mbali, kwa kuwa ni mzito hata kwenye maji unazama, na hukua polepole mno. Mtu anayekata mpingo wa fimbo, alisema, anakata alichopandiwa na babu asiyemjua.

Tulikata kiangazi, wakati mti umekauka utomvu. Fimbo ikikatwa masika hupasuka ikikauka. Kisha maganda yalitolewa, ikapitishwa juu ya makaa huku ikigeuzwa kama muhogo, na palipopinda pakatiwa kwenye panda ya mti na kunyooshwa kabla joto halijatoka. Baadaye ilipakwa samli na kuwekwa juu ya meko ndani ya tembe, ikae kwenye moshi wiki kadhaa mpaka bungua wasiitamani. Ikitokea ufa, dawa yake ilikuwa ngozi ya mkia wa ndama: unaivua ikiwa mbichi, unaivika fimbo kama soksi, na ikikauka inabana kuliko waya.

Rungu lilikuwa kazi nyingine. Rungu halikatwi, huchimbwa. Kichwa chake hutoka pale shina linapoingia ardhini na mizizi inapoanza kutawanyika, kwa sababu hapo nyuzi za mti zimejisokota zenyewe na haziwezi kuchanika kwa pigo moja. Mtu asiyejua hilo atachonga kigingi, akiite rungu, na litamvunjikia siku ya hatari.

Nilishangaa kujua kwamba watu wa Ayalandi wana elimu hiyohiyo. Wana mchezo wao wa kale uitwao hurling, wachezaji 15 kila upande, kila mmoja na gongo lenye ubapa mwishoni la kupigia kipira cha ngozi. Gongo hilo, camán kwa lugha yao, limetengenezwa miaka nenda rudi kwa mti wa eshi, nao hukatwa chini kabisa, pamoja na mwanzo wa mizizi, ili nyuzi za mti zifuate ule mpindo wa ubapa. Kwetu hufungwa ngozi ya mkia, kwao hufungwa utepe wa bati. Mwaka 2012 ugonjwa wa ukungu uliotokea Asia ukathibitishwa kwenye miti yao ya eshi, na ukaanza kuiua. Magongo ya plastiki yalikuwapo kabla ya hapo, lakini sasa ubishi ukawa wa lazima. Wenye plastiki wanasema gongo lao halivunjiki na kila moja ni sawa na jingine. Wenye mti wanataja mshindo wa mti kwa mti uwanjani, na namna gongo linavyopokea pigo bila kuurudisha mtetemo kwenye viganja. UNESCO iliuingiza mchezo huo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2018, mti wake ukiwa tayari kitandani.

Hilo la sauti nalielewa. Pwani kuna ngoma ya kirumbizi, ambamo wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo na kushindana kwa kufuata ngoma na zumari. Mpe mmoja wao bomba la maji uone kama kuna atakayecheza. Lakini visiwani, Makunduchi, kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wanaotoana hasira za mwaka hupigana kwa migomba, na wenyeji husema zamani zilikuwa fimbo hasa. Kitu kigumu kimebadilishwa kwa kitu laini, na hakuna anayesema mila imekufa. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikaapa kwamba kila kinachobadilisha mti ni adui.

Na bomba lina haki yake, tulitendee. Mchwa hawalili. Likimchapa ng'ombe humwasha bila kumvunja ubavu, na mnunuzi mnadani hulijua hilo. Hasara zake ni mbili tatu. Ukililaza mabegani linalegea, kwa hiyo mchungaji amepoteza kiti. Lile la kijivu, jua la Singida hulifanya gumu na kulitia nyufa. Halafu kuna nyoka. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ya bomba hata ikiwa karibu nyoka huicheka. (Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, fimbo hazikutajwa. Sidhani kama kuna aliyezifikiria.)

Kwa muda mrefu niliamini kama wazee wanavyoamini, kwamba vijana wamechagua bomba kwa uvivu. Siku moja nilijaribu kukata fimbo mwenyewe, karibu na nyumbani, mahali palepale mjomba aliponipeleka. Mkole upo. Haujaisha. Lakini kila niliougusa ulikuwa umepinda na umegawanyika matawi matano toka chini kama mkono uliofunguka. Nilizunguka asubuhi nzima na panga langu nikarudi na kijiti cha kuchokonolea moto.

Ndipo nikakumbuka mjomba alikuwa haanzii pembeni mwa kichaka. Alitambaa akaingia ndani, gizani. Mche unaoota kati ya wenzake hauna nafasi ya kutanua. Hukimbilia juu kugombea jua, na kwa mbio hizo hunyooka. Mche ulioachwa peke yake shambani hupata jua pande zote, na mbuzi nao pande zote, na kila tawi likitafunwa hutoa mawili. Fimbo iliyonyooka ni mtoto wa msongamano. Vichaka vikisafishwa kwa ajili ya alizeti na mkaa, mkole unaweza kubaki, ila fimbo inakuwa imeshaondoka.

Vichaka vyenyewe vilikuwa vya ajabu. Kuelekea Itigi, kule Manyoni, viko vinavyojulikana na wanasayansi wa mimea duniani kote kwa jina la mji huo: vimebanana, havizidi sana urefu wa mita tano, huacha majani kiangazi, na mtu mzima hapenyi bila panga. Sehemu kubwa imelimwa. Upande wa kaskazini kuna habari njema kidogo: msitu wa Mgori, takriban hekta 40,000, ambao miaka ya 1990 uliachwa mikononi mwa vijiji vitano vinavyouzunguka badala ya kuchukuliwa na serikali, na wanavijiji wakaweka sheria zao na doria zao wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja kuutambua utaratibu wa namna hiyo. Huko bado miti inagombea jua. Lakini mtoto wa mahali pengine hawezi kusafiri hadi Mgori, akaombe ruhusa ya kukata, kwa ajili ya kipande cha kuswagia ng'ombe saba. Bomba analiokota nyuma ya nyumba, pale mradi wa maji ulipopita.

Nilimkuta mmoja wa hao watoto mwaka jana, saa za adhuhuri, chini ya jabali ambalo mvua huacha maji kwenye mwanya wake. Umri wake kama miaka kumi na mmoja. Bomba lilikuwa jeusi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Fimbo gani hiyo, ya kufukuzia nzi?"

Alicheka kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo. Hakulibana ncha bomba lake kama wengine. Lilikuwa wazi pande zote mbili. Akaliingiza ndani ya ule mwanya wa jabali, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, akanywa maji kwa kuyavuta hadi akatosheka. Akanipa na mimi, kwa mikono miwili. Nilikunywa. Kisha akalipangusa kwa shati, akaweka mdomo kwenye ncha na kupuliza, mlio mzito wa chini kama wa baragumu, na ng'ombe wake, waliokuwa wametawanyika hadi kwenye mbuyu, wakainua vichwa.