Kitendawili kwa Kompyuta

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa sikio la kwanza laweza kuonekana halituhusu sisi tusiojua kutengeneza programu za kompyuta. Nalo ni namna ya kuzijaribu programu hizo kabla hazijafika mikononi mwetu. Nasema linatuhusu kwa sababu zikitufikia na kasoro zake, anayeumia si yule aliyezitengeneza. Ni mimi na wewe.

Mimi niliumia. Miaka michache iliyopita nilikuwa Mikumi nikapata habari kwamba mjomba wangu amefariki Iringa. Nikakata tiketi ya basi kwa simu, na ujumbe ukarudi: kuondoka 7:00. Kama Mswahili yeyote nikasoma saa saba mchana. Saa sita na nusu nilikuwa kituoni na mfuko wangu mkononi. Muuza chai akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole mzee, basi hilo limepita tangu saa moja asubuhi." Nilipofika Iringa kwa gari jingine giza lilikwisha ingia, na mjomba alikwisha zikwa. Kaburi nililionyeshwa kwa mwanga wa tochi.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Hakuna aliyenidanganya. Bila shaka programu ile ilijaribiwa: tiketi ikanunuliwa, fedha zikapokelewa, ujumbe ukatumwa, na wataalamu wakasema yote yamefaulu. Swali moja tu halikuulizwa: je, anayeusoma ujumbe huu anahesabu saa kuanzia usiku wa manane, au kuanzia jua linapochomoza? Tofauti ya saa sita ikanipotezea mazishi.

Msije mkadhani makosa ya namna hiyo ni ya nchi zetu tu. Tarehe 4 Juni 1996 nchi za Ulaya zilirusha roketi mpya iitwayo Ariane 5 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Haikutimiza dakika moja angani ikapasuka. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Lakini roketi mpya ilikwenda kwa kasi zaidi, na namba moja ikawa kubwa kuliko chombo kilichotengwa kuipokea, chombo ambacho mwisho wake ni 32,767. Ni kama kumimina pipa la maji ndani ya debe. Wale walikuwa mabingwa wa hesabu. Walichokosa ni mtu wa kuuliza swali la kitoto: je, safari hii ikiwa tofauti na ile?

Hapo ndipo penyewe. Wengi wetu tukijaribu kitu tunauliza maswali ambayo majibu yake tunayo tayari. Tunathibitisha kwamba kitu kinafanya kazi, wala hatutafuti mahali kitakapovunjika. Na akili ya mtu, kama ng'ombe wa maziwa, hurudi kwa njia ile ile kila jioni. Ili iache njia hiyo yahitaji kuchokozwa, na uchokozi mzuri kuliko yote ni mchezo.

Mwaka jana nilikuwa Kilosa kwa rafiki yangu. Mwanawe na wenzake watatu walikuwa wanatengeneza programu ya kuwakumbusha kina mama siku za kliniki na saa za kumeza dawa, kwa ujumbe wa simu. Waliniambia wamekwisha ijaribu, iko tayari. Nikawasimulia habari ya basi langu. Wakanyamaza, kisha mmoja akafungua kompyuta na kutazama. Ujumbe wao nao ulisema: meza dawa 8:00. Hapakuwa na neno asubuhi, wala mchana, wala usiku.

Basi nikawaambia, wanangu, wekeni kompyuta kando, tutegeane vitendawili. Mwanzoni walicheka. Sharti langu lilikuwa kwamba kila kitendawili kimhusu mtu atakayeitumia programu ile, na anayeteguliwa ni programu yenyewe. Ikishindwa, mtegaji anapewa mji, kama tulivyofanya utotoni.

Kitendawili! Tega! "Namba yangu moja, wenyewe watatu." Wakafikiri. Ni simu ya nyumba, inayoshikwa na mume, mke na mama mkwe. Je, ujumbe wa dawa ukimfikia asiyepaswa kujua ugonjwa wa mwenziwe? Programu haikuwa na jibu. Mtegaji akapewa Kimamba.

Kitendawili! Tega! "Nimezaliwa, lakini siku yangu haijulikani." Ni mama asiyeijua tarehe yake ya kuzaliwa. Programu inalazimisha tarehe, basi karani ataandika Januari mosi ili apite, na baada ya mwaka nusu ya wilaya itakuwa imezaliwa siku moja. Mtegaji akapewa Morogoro.

Kitendawili! Tega! "Usiku wangu umetangulia mchana wangu." Huyo ni yule ambaye usiku wa Ijumaa kwake ni ule wa kuamkia Ijumaa, na kwa karani ni ule unaofuata. Hapo mtegaji alidai Dar es Salaam nzima, akapewa.

Kwa muda usiozidi saa moja walikuwa na vitendawili zaidi ya ishirini daftarini. Siku zote za nyuma, kwa kukaa na kukuna vichwa, walikuwa wameandika sita.

Mchezo wetu una ndugu zake ughaibuni. Edward de Bono, daktari mzaliwa wa Malta, aliandika tangu mwaka 1967 juu ya kufikiri kwa kupita pembeni badala ya kwenda mbele tu. Moja ya mbinu zake ni kuokota neno lolote na kulilazimisha liguse tatizo lako. Tukaijaribu. Neno lililotoka lilikuwa "mto". Kilosa ukitaja mto, watu wanakumbuka Mkondoa na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu walipohama nyumba zao na reli ya kati ikakatika. Mara swali likazaliwa: mama akipoteza simu katika maji na namba yake akapewa mtu mwingine, ujumbe utakwenda kwa nani, na nani atajua kwamba mama hajaupata?

Mbinu yake nyingine, ya mwaka 1985, ni ya kofia sita. Wote huvaa kofia moja kwa wakati mmoja, kwa mawazo tu: nyeupe kwa habari zilizopo, nyekundu kwa hisia, nyeusi kwa tahadhari, njano kwa faida, kijani kwa mawazo mapya, na bluu kwa kuongoza kikao. Faida yake ni kwamba mwoga anaruhusiwa kusema hofu yake bila kuitwa mpinzani, na mwenye matumaini analazimika naye kutafuta balaa.

Lakini nawatahadharisha. Mchezo usio na daftari ni soga la kijiweni. Kila mmoja aandike kwanza peke yake, ili mwenye sauti kubwa asiwameze wengine. Wakati wa kutega, hakuna kulicheka wazo la mtu. Baadaye ndipo mchuje, kwa maswali mawili: likitokea nani ataumia, na laweza kutokea mara ngapi? Yanayobaki yageuzwe majaribio kamili: nitaingiza nini, nategemea nini, nimeona nini. Wale vijana waliandika hivi: "Tutampelekea bibi asiyetufahamu ujumbe wa dawa ya 8:00. Tunategemea aseme saa mbili asubuhi." Bibi wa jirani alisoma, akasema saa nane mchana. Jioni ile ile ujumbe ukabadilishwa kuwa: saa mbili asubuhi. Kuurekebisha hakukuchukua hata robo saa, na kabla ya siku ile kasoro hiyo ilikwisha pita katika kila jaribio lao.

Nilirudi kwa njia ya Mikumi. Wengi wenu mnaijua barabara kuu iendayo Zambia, inavyoipasua hifadhi ile iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilometa 50. Pembeni kuna vibao vya kumwambia dereva apunguze mwendo. Mbele yetu tembo alikuwa anavuka na mtoto wake, polepole, bila kutazama kulia wala kushoto. Kibao kimeandikwa kwa ajili ya dereva. Tembo hakisomi, na barabara ni yake pia. Dereva wetu alisimama, akazima injini, tukangoja.

Nikawaza kwamba mtu anayejaribu programu hana budi kumfikiria dereva anayesoma kibao, kisha amfikirie na tembo. Yule mama wa Kilosa hakualikwa katika kikao cha watengenezaji, lakini dawa ni yake, na saa ni zake.

Ndugu wasikilizaji, nawatakia juma jema. Na ukikata tiketi, uliza: saa saba ya nani?