Happy Rizzi House: Rangi za New York Katika Mtaa Mkongwe wa Braunschweig

Ukingoni mwa Magniviertel, mmojawapo wa mitaa mikongwe ya mji wa Braunschweig kaskazini mwa Ujerumani, limesimama jengo la ofisi lililopakwa rangi za waridi, manjano, machungwa na samawati, ambalo kuta zake zimejaa nyuso zinazokenua meno, mioyo, nyota na ndege, na ambalo madirisha yake hayalingani kwa umbo wala hayakupangwa kwa mstari. Jengo hilo, liitwalo Happy Rizzi House, lilijengwa kati ya mwaka 1999 na 2001 kwa kufuata michoro ya James Rizzi, msanii wa Marekani, huku msanifu majengo Konrad Kloster akiigeuza michoro hiyo kuwa kuta, ngazi na paa za kutumiwa na watu. Wapo wanaoliona kuwa kichekesho kilichowekwa mahali pasipo pake. Lakini anayeichunguza historia ya mtaa wenyewe huona kwamba si rahisi hivyo kuamua kipi hapo ni cha kale na kipi ni cha juzi.

Mtaa huo ulipata jina lake kutokana na kanisa la Mtakatifu Magnus, lililowekwa wakfu mwaka 1031, na hati ya tukio hilo ndiyo maandishi ya kwanza yanayojulikana kuutaja mji wa Braunschweig. Fahari yake ni nyumba ambazo Wajerumani huziita Fachwerk, yaani nyumba ambazo uzito wake hubebwa na kiunzi cha mihimili ya mbao iliyofungamanishwa kwa vigingi, na nafasi zinazobaki baina ya mihimili hujazwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, au matofali katika nyumba za baadaye. Msomaji aliyewahi kuona nyumba ya miti na udongo ikikandikwa kijijini hatapata shida kuuelewa ufundi huo, ila mafundi wa Braunschweig waliziacha mbao zionekane kwa nje, wakazichonga nakshi na maandishi, na wakazijenga ghorofa za juu zikitokeza kidogo juu ya njia.

Mbao hizohizo ndizo zilizouponza mji. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Oktoba 1944, ndege za kivita za Uingereza ziliangusha mabomu ya kulipua, yaliyofumua mapaa, na pamoja nayo mabomu ya moto kwa wingi mno, hata takriban asilimia 90 ya katikati ya mji ikateketea. Vita vilipokwisha, Kurt Seeleke, aliyekuwa mhifadhi wa majengo ya kale, alitetea mpango wa kuyarudishia sura ya zamani maeneo matano tu yaliyozunguka makanisa na viwanja vikuu, na sehemu nyingine ikaachwa ijengwe upya kwa barabara pana na majengo ya zege. Maeneo hayo yakaitwa visiwa vya mapokeo, na Magniviertel ni kimojawapo. Ukongwe unaoonekana leo katika mtaa huo, kwa hiyo, ni masalio ya moto na pia ni matokeo ya uamuzi wa watu waliokaa mezani wakachagua kipi kihifadhiwe.

Rizzi, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1950 na kufariki mwaka 2011, alifuata mkondo unaoitwa sanaa ya pop, ambao ulichipuka Uingereza na Marekani katika miaka ya 1950 na kutwaa malighafi yake kutoka matangazo ya biashara, vibonzo vya magazetini na bidhaa za dukani, kama yale makopo ya supu ambayo msanii Andy Warhol aliyaonyesha mwaka 1962. Dalili zake ni rangi kali zisizo na vivuli, mistari minene myeusi inayozunguka kila umbo, na kutojali mpaka baina ya sanaa na biashara. Alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Florida, ambako alitakiwa kuwasilisha kazi za uchoraji, uchapaji na uchongaji, Rizzi alibuni njia ya kuzikamilisha zote kwa mpigo mmoja: alichapa picha ileile mara mbili, akaipaka rangi, akakata maumbo kutoka nakala moja na kuyainua juu ya ile nyingine, hata picha ikapata kina. Wajerumani walimpenda kupita kiasi, pengine kuliko watu wa kwao. Ndege ya shirika la Condor ilipambwa kwa michoro yake mwaka 1996, na mwaka 2008 posta ya Ujerumani ikatoa stempu zake.

Ng'ambo ya barabara kuna jambo la kushangaza zaidi kuliko nyuso zile zenye kucheka. Kasri la watawala wa Braunschweig, lililosanifiwa na Carl Theodor Ottmer katika karne ya 19, liliharibiwa vitani na kubomolewa mwaka 1960 licha ya malalamiko mengi, kisha uso wake ukajengwa tena na kukamilika mwaka 2007, kwa kutumia pia mamia ya mawe ya asili yaliyokuwa yamenusurika, na nyuma yake likawekwa jengo kubwa la maduka. Jengo linaloonekana la kale, basi, ni changa kuliko lile la Rizzi, ambalo angalau halikujisingizia umri wowote.

Anayekwenda kulitazama hana haja ya tiketi, kwa kuwa ndani mna ofisi za kawaida na si makumbusho, na hilo si upungufu mkubwa katika sanaa iliyokusudiwa kuonekana kwa nje. Yafaa kulifikia kupitia vichochoro vya Magniviertel badala ya barabara kuu, ili jicho lipite kwanza kwenye mihimili ya mbao ndipo likutane na rangi. Na yafaa zaidi kufika siku ya kazi, wakati nyuma ya madirisha hayo yaliyopindapinda watu wamekaa wakishughulikia mafaili yao.