Mkweche wangu kumbe dhahabu!

Juzi nimenunua Honda CG125 ya mwaka 1978, mkweche hasa! Usiku taa kama kibatari, injini nayo inakohoakohoa. Fundi mmoja wa mtaani akaniambia, "Mshikaji, koili imekufa. Tung'oe mfumo mzima wa umeme, tuweke wa Kichina." Bei aliyotaja, jasho likanitoka.

Nikaisukuma hadi kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Hata spana hakushika! Kwanza akasoma namba ya injini: inaanza na CG125E, tena inalingana na kadi. Akafuta vumbi kwenye kabureta, jina Keihin likatokea. "Mwanangu, hii orijino tupu."

Akachomoa globu ya taa, akacheka. Imeandikwa volti 12! CG za miaka ile ni za volti 6, sasa itawakaje? Akaweka ya volti 6, mwanga kama mchana. Platini akaisugua kwa msasa laini, akaiachia nafasi ya milimita 0.35. Kikohozi kwisha!

Kijana mwenzangu, ukinunua kuukuu soma maandishi yake kwanza, pochi baadaye. Mimi nusura nitupe dhahabu nikidhani chuma chakavu.