Udongo wa Mfinyanzi Ndani ya Jiwe la Gesi

Nafundisha jiografia Kibosho, na wanafunzi hawachoki kuniuliza kwa nini Kilimanjaro haina mafuta. Mlima wetu umejengwa na volkano. Gesi ya nchi yetu iko kwenye mawe ya mchanga, mfano Songo Songo, Kilwa, ilikogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004. Ningefurahi wakiuliza na la pili: jiwe hilo lina udongo wa mfinyanzi wa aina gani?

Gesi hujibana kwenye vitundu vidogo kati ya chembe za mchanga. Mchagga anayetunza mfongo, yaani mfereji wa maji, anajua kuwa panapovuja huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Ndani ya jiwe ni vivyo hivyo, ila kila aina ya udongo huo ina tabia yake.

Kaolinaiti hutokana na madini ya felspa yaliyooza. Vibamba vyake havishiki sana. Mkondo ukienda kasi hung'oka na kukwama penye wembamba. Ukitaka kuiona kwa macho, nenda milima ya Pugu, kwenye mawe ya mchanga yaliyojaa kaolini nyeupe. Ilaiti huota nyuzi zinazokatiza vitundu: nafasi ipo, njia hakuna.

Smektaiti ndiyo ninayoionyesha darasani. Imo kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika. Nauchanganya na mchanga wa mto Karanga kwenye chupa mbili zilizokatwa. Moja naimiminia maji ya bomba, nyingine maji ya chumvi. Ya kwanza huvimba na kuziba. Ya pili huendelea kudondosha. Ndiyo maana wachorongaji wa visima vya gesi huweka chumvi ya potasiamu kwenye maji yao, kwani kisima kizuri chaweza kuharibiwa na maji yaleyale yaliyokichimba.

Kloraiti hunishangaza zaidi. Ikizipaka chembe utando mwembamba, huzuia madini ya kwazi kuota na kujaza vitundu, hivyo jiwe la kina kirefu hubaki wazi. Lakini kisima kilichochimbwa kwenye jiwe hilo kikioshwa kwa asidi bila uangalifu, kloraiti huachia chuma, nacho huganda na kuziba.

Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba futi za ujazo trilioni kadhaa za gesi zimegunduliwa, jua hicho ni kiasi kilichomo ardhini. Kitakachotoka huamuliwa pia na udongo wa mfinyanzi, na wa kuupima ni wataalamu. Wazazi wenzangu, mtoto anayependa kemia na mawe msimzuie kusoma jiolojia.