Ujira wa Fundi na Bei ya Kipuri: Hesabu ya Baiskeli ya Mtumba Likoni

Biashara ya baiskeli za mitumba katika pwani yetu imesimama juu ya tofauti moja ya bei ambayo wanunuzi wengi hawaitii maanani, nayo ni kwamba huko Ulaya na Japani ujira wa fundi ni ghali na baiskeli ni rahisi, ilhali huku Likoni, Mombasa, ujira wa fundi ni rahisi na baiskeli ndiyo ghali. Mtu wa London au Amsterdam ambaye baiskeli yake imechakaa mnyororo, gia zimeanza kuruka na ringi imepinda, akiipeleka kutengenezwa ataandikiwa hesabu ya saa za kazi ambayo aghalabu huipita thamani ya baiskeli yenyewe, basi huona ni heri anunue nyingine na hiyo aiache. Na manispaa za Japani, kwa upande wao, zina kazi isiyokwisha ya kukusanya baiskeli zilizotelekezwa karibu na stesheni za reli. Sehemu ya mali hiyo hupakiwa ndani ya makontena, ikateremshwa katika bandari ya Kilindini, na mwisho wake ikavushwa kwa feri hadi ng'ambo ya Likoni, ambako kile kilichokuwa takataka kwa sababu ya ujira wa saa moja ya kazi hurudi kuwa rasilmali ya muuza samaki, ya mlinzi wa nyumba za Shelly Beach, ama ya kijana wa Mtongwe anayetaka kufika kivukoni bila ya kutoa nauli ya matatu.

Kwa hivyo swali la kama mwenye baiskeli aitunze kwa mkono wake au ampelekee fundi haliwezi kujibiwa huku kwa hoja za kule. Mzungu hujifunza kutengeneza baiskeli yake ili amkwepe fundi na bili yake. Mtu wa Likoni akifanya hivyo kwa nia hiyo hiyo, faida atakayoipata ni haba, maana kuziba pancha moja chini ya mwarobaini kando ya barabara hakuzidi sana bei ya chai na mahamri, na ukijumlisha thamani ya pampu, viraka, solusheni na spana utakazonunua, huenda mwaka ukaisha kabla hujairudisha fedha yako.

Mtazame fundi mwenyewe akiwa kazini. Mali yake yote hutandazwa juu ya gunia: spana malaya moja iliyokwisha meno, nyundo, tindo, bisibisi, pampu ya kukanyaga, kipande cha msasa, na karai la maji ambamo tyubu huzamishwa pole pole mpaka mapovu yaonyeshe tundu lilipo. Kipimo cha mnyororo hana, wala hakihitaji. Hushika kiungo kimoja mbele ya gurudumu la meno akakivuta kuelekea kwake, na jino likionekana nusu yake amekwisha kujua. "Mzee wangu, mnyororo huu ushakula meno," atasema, "nikikutilia mpya utaruka." Na mteja, ambaye amekuja na fedha za mnyororo tu, humjibu kama wajibuvyo wateja wote, "Wewe tia, fundi, tutaona mbele." Fundi amesema kweli. Mnyororo mpya wenye viungo 24 hupimika inchi 12 barabara, na ukivutika hata ukazidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi umefika wakati wa kuuvua. Ukiachwa mpaka uzidi kwa sehemu moja ya nane, meno ya mbele na ya friiwili huwa yamechongeka kwa kuufuata, na badala ya kununua kipuri kimoja mtu hulazimika kununua vitatu.

Hapo ndipo ilipo gharama halisi, katika kipuri wala si katika mkono. Na taabu ya mitumba ni kwamba kila kontena huja na vipimo vya nchi yake. Maduka yetu kwa miaka mingi yamejengeka juu ya ile baiskeli nyeusi ya Kihindi, Black Mamba, inayotoka katika viwanda kama vile Hero na Avon vya Ludhiana, yenye breki za vyuma, kota pini katika mikono ya pedali, na tairi la 28 kwa 1½, ambalo ukingo wake wa ndani una kipenyo cha milimita 635. Sasa mnunuzi huletewa baiskeli ya Ulaya iliyoandikwa 28 ubavuni mwa tairi, akafurahi kuwa ni namba aijuayo, kumbe ringi yake ni ya milimita 622, na tairi la dukani likitiwa humo hupwaya kwa milimita 13. Namba 26 ina hila kubwa zaidi, kwa kuwa baiskeli ya mlimani yenye tairi nene huwa na ringi ya 559, na ile ya mjini yenye tairi jembamba la 26 kwa 1⅜, ambayo ni ya kawaida katika mitumba ya Japani na ya Uingereza, huwa na ringi ya 590. Zote mbili zimeandikwa 26, wala tairi la moja halikai katika nyingine. Kinyume chake, baadhi ya baiskeli kongwe za Uholanzi, zile nzito zinazodharauliwa na vijana, huvaa tairi lile lile la 635, na mimi ningelikuwa mnunuzi ningeliipita baiskeli yenye gia 21 na rangi ya kumetameta nikaenda kwenye hizo.

Hizo gia zenyewe aghalabu hazidumu. Zikianza kusumbua, fundi huing'oa mashine ya kuzibadilisha, akaukata mnyororo na kuuacha juu ya jino moja, na baiskeli ikaendelea kutumika kwa uzani pungufu na matatizo pungufu. Wako wanaoona huko ni kuiharibu mali. Kwangu mimi ni tadbiri njema, maadamu njia ya kutoka Shelly Beach hadi kivukoni haina mlima wa kustahili gia 21.

Kazi ambayo mwenye baiskeli hana budi kuishika mwenyewe, na ambayo fundi hawezi kumfanyia hata akilipwa, ni kuilinda na chumvi. Watu wa bara hawalijui jambo hili kwa kiasi tunachokijua sisi. Kusi likivuma, hewa itokayo baharini hupenya hadi ndani ya nyumba, na baiskeli iliyolazwa barazani hupata kutu ya spoku katika muda ambao kule bara ingelikuwa bado inang'aa; fauka ya hayo, mchanga wa ufuoni huingia katika mnyororo uliopakwa oili chafu ya gari, ukachanganyika nayo na kuwa msasa unaosaga vyuma kila pedali inapozungushwa. Dawa yake ni nyepesi: kuufuta mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kuuacha ukauke, kisha kuutilia mafuta mepesi tone kwa tone na kuyapangusa yaliyobaki nje. Bomba la kiti nalo livuliwe mara kwa mara na kupakwa grisi, hasa likiwa la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, kwa sababu madini hayo mawili yakikutanishwa na chumvi hushikana, na siku mtoto atakaporefuka kiti hakitapanda. Upepo wa tairi, raba za breki na nati zilizolegea ni katika hesabu hiyo hiyo ya dakika chache za jioni.

Kupita hapo, mpe fundi. Kusuka ringi hakujifunzwi kwa subira ya siku moja. Goroli za ekseli ya kati zikimwagika mchangani hazirudi zote. Na wangapi wamevunja mkono wa pedali ya kushoto kwa kutojua kuwa parafujo yake hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa saa, kinyume cha ile ya kulia? Zile habu za gia tatu zilizofungiwa ndani, za Sturmey-Archer, ambazo Waingereza walianza kuziunda Nottingham mwanzoni mwa karne ya ishirini, hata mafundi wengi huona bora wazitie mafuta tu wasizifungue.

Wako waliotaka kuikata fitina hii ya vipimo tangu mwanzo wake. Shirika la World Bicycle Relief, lililoasisiwa mwaka wa 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, halikushika njia ya mitumba bali lilibuni baiskeli moja ya namna moja, Buffalo, ambayo kwa Kenya huunganishwa Kisumu, na likafunza mafundi wake vijijini, ili kipuri kimoja kiingie katika baiskeli zote. Hoja yao ni sahihi. Walakini baiskeli mpya inataka fedha ya mkupuo, na mtumba huuzwa kwa bei ambayo kibarua aweza kuidunduliza.

Kinachonitia shaka kuhusu siku zijazo ni duka la vipuri kuliko fundi. Tangu Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, bodaboda, ambayo asili yake ni baiskeli za mpakani Busia, imekuwa chombo cha injini, na wanagenzi waliokuwa wakijifunza kusuka ringi wameikimbilia kabureta kwa sababu ujira wake ni mkubwa zaidi. Duka nalo hufuata mteja: rafu ya minyororo ya pikipiki hurefuka, na ile ya friiwili husukumwa hadi pembeni. Fundi wa kando ya barabara hulijaza pengo hilo kwa kununua baiskeli zilizokufa, akazivua kiungo baada ya kiungo na kuuza fremu tupu kwa watu wa vyuma chakavu. Na mwenye kutafuta ringi ya 590 hapa Likoni aghalabu ataipatia katika lundo hilo la nyuma ya kibanda, kwa bei ya kupatana, huku akiulizwa kwanza kama ile yake iliyopinda ataiacha.