Alteneta Ikifa Machakos: Ifunguliwe au Inunuliwe Nyingine?

Taa nyekundu yenye mchoro wa betri ikiwaka kwenye dashibodi gari likiwa mwendoni, wengi huilaumu betri. Hununua mpya, gari likaondoka kwa kishindo, na kesho yake likazima palepale. Betri haikuwa na kosa. Kinachoichaji injini ikizunguka ni alteneta, na ndiyo pia inayolisha taa, pampu ya mafuta, plagi na redio.

Alteneta ikifa, gari linakula akiba tu. Gari dogo la Kijapani kwa kawaida huwa na betri ya ampea-saa 45 hivi, na usiku, taa kubwa zikiwaka, linaweza kula ampea-saa 20 kila saa. Kutoka mjini Machakos hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 63. Mchana, dereva akizima taa, feni na redio, huenda akafika. Jioni, foleni ya Mlolongo ikimnasa, atatafuta watu wa kumsukuma.

Madereva wa malori ya mchanga wana ujanja wao. Injini ya dizeli ya zamani, isiyo na kompyuta, ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kunguruma. Ndiyo maana lori lenye alteneta mbovu huegeshwa mteremkoni, liwashwe kwa kujisukuma lenyewe asubuhi. (Kule Kituluni, mashariki mwa mji, ambako macho hudanganyika na magari yakaonekana yakipanda mlima bila injini, ujanja huo ungemchanganya mgeni kabisa.)

Kazi ya kutengeneza alteneta haiishi, na sababu moja ni umri wa magari. Kwa kanuni ya KS 1515:2000 inayosimamiwa na shirika la viwango KEBS, gari kuukuu haliingizwi Kenya likiwa limepita miaka minane. Linashuka Mombasa likiwa limeshafanya kazi ya kutosha Japani, kisha linaanza maisha ya pili kwenye vumbi la Ukambani, na huenda likakaa barabarani miaka kumi mingine au zaidi. Vumbi hilo hujipenyeza kwenye beringi na kusaga brashi.

Fundi wa umeme mwenye uzoefu haanzi na spana. Anaanza na mita. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma volti 12.6 hivi; injini ikiwashwa, namba inatakiwa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kwenye malori ya volti 24 ni karibu 28. Isipopanda, anabonyeza mkanda kwa kidole kuona kama umelegea, anatikisa vichwa vya betri, anafuata waya mnene hadi mwisho, anaangalia fyuzi. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo, na mwenye gari huondoka amelipa pesa ya chai.

Ila mita nayo inahitaji mtu wa kuielewa. Baadhi ya Honda na Toyota za miaka ya karibuni huacha kompyuta ipunguze chaji makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo namba inaweza kushuka hadi 12.5 bila kitu kuharibika. Dawa ni kuwasha taa kubwa na feni kwanza, ndipo upime. Asiyejua hilo atafungua alteneta nzima iliyokuwa haina neno.

Kibaya zaidi ni ule mtindo wa kung'oa kichwa cha betri injini ikinguruma, eti kuona kama gari litazima. Zama za dainamo ulikuwa na maana. Leo volti hupaa ghafla na kuunguza regyuleta, daiodi, hata kompyuta ya gari. Anayepima hivyo gari la watu hastahili kuitwa fundi.

Alteneta ikifunguliwa, kinachoonekana mara nyingi ni kidogo mno: brashi mbili za kaboni zilizolika zikabaki vipande vifupi visivyofikia pete za shaba za rota. Nyaya zake huyeyushwa risasi, brashi mpya zikachomelewa, pete zikasuguliwa kwa msasa laini hadi zing'ae. Kisha linakuja jambo la vidole. Brashi zina springi na hutaka kuruka nje, rota isiweze kuingia. Fundi huzibana ndani, akapitisha waya mwembamba kwenye kitundu kilicho nyuma ya kifuniko, akafunga kila kitu, ndipo akauchomoa waya. Brashi zinatua kwenye pete kwa mlio mdogo. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya alteneta nyingine.

Koili za stata zikiungua, hadithi hubadilika. Utazijua kwa weusi na ile harufu kali ya vanishi iliyochomeka. Kuzisuka upya kunawezekana, lakini kwa gari dogo gharama yake hukaribia ile ya alteneta ya mtumba kutoka Japani, na wengi huacha. Shaba yake huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, biashara yenye sheria yake tangu 2015 na ambayo Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha Januari 2022 baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani; iliruhusiwa tena Mei mwaka huohuo. Inauma kidogo kuiona shaba ikiuzwa kwa kilo katika nchi ya Wakamba, ambao mafundi wao wa kale walisifika kwa kuvuta waya wa shaba na kusuka mikufu myembamba.

Anayeamua kununua ya mtumba aende na ile mbovu mkononi. Alinganishe soketi pini kwa pini, idadi ya mifereji ya puli na nafasi ya matundu ya bolti; kisha aizungushe kwa mkono, asikilize kama beringi inakwaruza. Aombe ipimwe palepale dukani kabla hajatoa pesa, maana maduka mengi ya spea yana masharti yaleyale: kifaa cha umeme kikishauzwa hakirudishwi.